Barua kuhusu majina yasiyopatikana kati ya tawi na makao makuu

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha ya kupata habari zako, na mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu hitilafu unayoieleza iliwahi kuninyima usingizi kwa siku nne mfululizo. Unasema kwamba seva ya tawi inaifikia seva ya makao makuu bila tabu ukitumia anwani ya IP, yaani namba yake kwenye mtandao, na amri ya ping, inayopima kama mashine inafikika, hairudishi upotevu wa pakiti hata moja, lakini ukitumia jina, mara inakubali, mara inakataa. Laini ungeiacha kwanza, maana laini mbovu haibagui kati ya namba na jina.

Tazama kwanza seva za DNS, yaani zile zinazogeuza jina kuwa anwani ya IP, zilizoandikwa kwenye mipangilio ya mtandao ya hiyo seva ya tawi. Wengi wetu, kwa nia njema kabisa, huweka ya makao makuu nafasi ya kwanza na ya umma, kama vile 8.8.8.8, nafasi ya pili, tukidhani kwamba ya pili itasubiri mpaka ya kwanza ife. Haisubiri. Ya kwanza ikichelewa kujibu kwa sekunde chache tu, mashine huigeukia ya pili, nayo, kwa kuwa haijui lolote kuhusu kikoa chenu cha ndani, yaani kundi la majina ya mashine za ofisi yenu, hujibu bila kusita kwamba jina hilo halipo. Hapo ndipo penye ugumu: "halipo" ni jibu kamili, si sawa na ukimya, kwa hiyo mashine haiendi kumuuliza mwingine, bali hulipokea na kulihifadhi kwenye kache, hazina yake ya majibu, kwa muda. Ndiyo sababu mtumiaji analalamika saa nne, wewe ukifika saa tano unakuta kila kitu kinafanya kazi, na unaonekana kana kwamba humwamini. Iondoe hiyo ya umma kwenye mashine zote za tawi. Maswali ya intaneti yapitie seva yenu ya DNS, na yale ya kikoa cha ndani seva hiyo iyapeleke moja kwa moja makao makuu.

Mimi nilipofanya hivyo nilidhani nimemaliza. Majina ya kawaida yalipatikana, ila watumiaji wa tawi bado walishindwa kuingia kwenye kikoa. Niliuliza kwa dig, amri ya kuuliza DNS, rekodi ya A ya seva moja, yaani ile inayotaja anwani yake ya IP, jibu likaja papo hapo. Nikauliza rekodi za SRV za _ldap._tcp, ambazo hutaja seva zote za kikoa, skrini ikaniambia kwamba jibu limekatwa na kwamba inajaribu tena kwa TCP, njia ya kutuma data ambayo kwanza huunganisha pande mbili, kisha ikanyamaza mpaka muda ukaisha. DNS ya asili, kama ilivyoandikwa mwaka 1987 katika waraka wa kanuni RFC 1035, inaruhusu baiti 512 tu kwa jibu la UDP, njia nyepesi inayotuma bila kuunganisha kwanza. Pande mbili zisipotumia nyongeza ya EDNS, inayoruhusu majibu makubwa zaidi, jibu refu hukatwa na muulizaji hutakiwa kurudi kwa TCP. Faiwoli yetu, yaani mlinzi wa mtandao anayechuja data, ilikuwa imefunguliwa poti ya 53, mlango wa DNS, kwa UDP peke yake. Aliyeiweka kanuni hiyo aliamini kwamba TCP ni ya kunakilisha kanda za DNS, yaani orodha za rekodi, kati ya seva tu, imani ambayo bado naikuta kila mahali. Jaribu mwenyewe: uliza swali hilohilo mara mbili, mara ya pili ukiongeza +tcp. La pili likikwama, hitilafu yako iko kwenye faiwoli. Na kama mnapita kwenye VPN, yaani njia ya siri juu ya intaneti, ujue pia kwamba majibu makubwa ya UDP hugawanywa vipande na vipande hivyo hupotea njiani. Kupunguza ukubwa wa EDNS hadi baiti 1232 huliondoa tatizo hilo.

Usiliandike jina hilo kwenye faili ya hosts, orodha ya majina na anwani iliyo ndani ya mashine yenyewe, ili watumiaji wanyamaze. Nakiri kwamba nililifanya hilo siku ya pili, na matokeo yake nslookup, amri nyingine ya kuuliza DNS, ambayo haiisomi faili hiyo wala kache ya mashine, ikawa inanipa jibu moja na ping inanipa jingine, nikapoteza saa tatu nikiwinda kosa nililolitega mwenyewe.

Kabla ya kila jaribio futa kache ya mashine kwa ipconfig /flushdns, na ya seva ya DNS ya tawi pia, la sivyo utakuwa unapima majibu ya jana. Kisha nitumie matokeo ya maswali yale mawili ya dig, la kawaida na lenye +tcp, pamoja na orodha ya seva za DNS kama ulivyoikuta kabla ya kuibadilisha.

Wako akupendaye,
Rafiki yako