Kuhusu nyaya mnazochoma

Uyole, Mbeya

Ndugu yangu Sanga,

Salamu nyingi. Huku wazima, ila baridi. Atupele kapita hapa akitokea kwako, anasema karakana imechangamka na jioni vijana wanachoma nyaya nyuma ya nyumba wapate shaba. Hilo limeninyima raha.

Wakataze, tafadhali. Ganda la waya ni PVC, aina ya plastiki. Likiungua linatoa gesi ya asidi inayochoma koo na mapafu, pamoja na dioksini, sumu inayokaa kwenye mafuta ya mwili miaka mingi. Maganda ya zamani mengi yana madini ya risasi pia, nayo ni sumu. Moshi ukiisha majivu yanabaki, na kwa upepo huo wa Makambako yanafika kwenye chainizi. Kuku wakidonoa hapo, dioksini inaingia kwenye mayai. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, nayo hudhuru ubongo.

Tena shaba iliyoungua inakuwa nyeusi, mnunuzi anaishusha bei. Ni bora kumenya. Kwa waya wa nyumba wa milimita za mraba 2.5, toboa mbao ngumu tundu la milimita 3.5, kisha funga wembe kwa skrubu mdomoni mwa tundu, ncha iingie milimita 0.8 tu, unene wa ganda. Ikizidi inakwaruza shaba na wembe unavunjika. Chonga mwanzo wa waya, upitishe, vuta kwa plaizi. Nyaya nyembamba za chaja uza na maganda yake, hazina faida ya kumenya.

Betri za simu zilizovimba msizitoboe, zinalipuka moto. Bandika selotepu kwenye ncha zake za umeme, zifukie kwenye ndoo ya mchanga mkavu, nje. Za sola ziuzwe nzima. Asidi yake ina risasi, isimwagwe.

Narudi kwenye majivu: yalowanishe kwanza, chota pamoja na udongo wa juu, fungia kwenye ndoo yenye mfuniko. Yasiende bustanini. Na vijana wabadili nguo kabla ya kubeba watoto.

Mnachomea umbali gani na kisima? Shemeji bado anakohoa? Watoto wanacheza upande gani? Na kibali cha kukusanya taka za umeme, mmeshawaona NEMC, wale wa baraza la mazingira? Kanuni za 2021 zinakidai, na ofisi ya kanda iko hapa Mbeya. Nikuulizie?

Nijibu mapema.

Wako,
Mwakalinga