Barua ya wazi kwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii: Tuambieni tarehe ya pesa za wazee

Mheshimiwa Waziri,

Salamu nyingi kutoka Busia, upande wetu wa mpaka, Uganda.

Mimi ni mama mwenye duka kwenye barabara iendayo Majanji. Nauza unga, chumvi, sabuni, sukari ya kupima na mukene, yaani dagaa, na pembeni nina kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho ninachouzia. Mteja wa kwanza asubuhi ni Msamia, wa pili Mteso, wa tatu amevuka kutoka Kenya na bado anahesabu kwa shilingi za kwao. Tena Baraza la Mawaziri lenyewe lilikipitisha mwaka 2022 kiwe lugha rasmi, kwa hiyo sitarajii kuambiwa nimekosea mlango.

Nataka tuzungumze juu ya daftari langu la madeni.

Kila duka la kijijini lina daftari kama hilo. Langu lina jalada jekundu na nimelifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, maana kurasa zimeanza kuchomoka. Kurasa za nyuma nimewatengea wazee kumi na mmoja wanaopokea zile shilingi 25,000 za mwezi ambazo serikali huwapa wazee, zinazolipwa miezi mitatu kwa pamoja. Acha nikusomee ukurasa wa mmoja wao. Jina lake nitaliacha. Ana miaka 83, analea wajukuu wanne, nami namwita Kukhu, yaani bibi, kama wanavyomwita wao.

Chumvi. Kipande cha sabuni. Unga kilo mbili. Mukene kikombe kimoja. Dawa za magoti. Kalamu mbili na daftari moja. Unga kilo mbili. Kuchaji simu. Sabuni tena. Pesa ya uji wa shule, watoto wawili. Unga. Unga. Halafu kuna mstari nilioupigia duara: taslimu 15,000, kuku tembe wa kufuga.

Huo ndio ukurasa mzima wa miezi mitatu. Siku ya malipo alidaiwa 61,000. Alipokea 75,000, bodaboda kwenda na kurudi ikala 6,000, akaja moja kwa moja dukani kabla hata ya kufika nyumbani. Alifungua fundo la kanga, akanihesabia noti moja moja, akanitazama nikikata mistari yote kwa kalamu nyekundu. Alibaki na 8,000. Akanunua sukari nusu kilo, akasema leo watoto watakunywa chai kama watu.

Nimesikia viongozi kwenye mikutano wakiuliza hawa wazee wanazifanyia nini pesa za serikali. Wanauliza kana kwamba mzee anapewa noti kisha anaketi chini ya mwembe kuanza kuwaza. Wapi! Zinapofika zimekwisha kutumika zamani. Zimeliwa, zimefulia nguo, zimekwenda shule. Siku ya malipo ni siku ya kufunga hesabu tu.

Nitasema jambo ambalo si la sifa kwangu. Kabla Kukhu hajaandikishwa, nilikuwa simkopeshi. Aliwahi kuomba chumvi ya shilingi 500 nikamwambia aje kesho, na kesho yake nikamwambia hivyo hivyo. Angenilipa na nini? Alipoanza kupokea, nilimkopesha hata kabla ya malipo ya pili, kwa kuwa nilijua kuna siku atakuwa na pesa mkononi. Kwa hiyo 25,000 zenu zina kazi mbili. Ya kwanza mnaiona kwenye hesabu zenu. Ya pili iko kwenye daftari langu: zimemfanya mama mzee asiye na shamba la maana awe mtu wa kukopesheka. Na hiyo ya pili inasimama juu ya kitu kimoja, nacho ni mimi kujua siku.

Sasa nikueleze kilichotokea siku ilipopotea.

Kuna awamu tuliambiwa gari la malipo litakuja mwisho wa mwezi. Halikuja. Tukaambiwa wiki ijayo. Wazee walikwenda kituoni mara mbili, wakakaa juani mpaka saa kumi, wakarudi na deni la bodaboda. Hatimaye zilikuja wiki saba baada ya siku tuliyoambiwa. Sitaji aliyekosea, sikuwapo huko zilikokwama. Nilichokiona ni upande huu wa kaunta.

Wiki tatu za kwanza niliendelea kukopesha. Wiki ya nne nilipiga hesabu: wazee kumi na mmoja walikuwa wamebeba 640,000 zangu, na duka la jumla mjini nalo linanidai, wala halitaki kusikia habari za gari la malipo. Nikafunga kurasa za nyuma. Niliwaambia mmoja mmoja, na hakuna aliyebishana nami. Kukhu alisema tu, "Haya, mwanangu," akashika fimbo yake.

Yule tembe wa mstari wenye duara alikuwa amekwisha kuwa kuku kamili, ana vifaranga tisa. Wachuuzi wa kuku wanaijua milango yenye shida, sijui huwa wanainusa vipi. Alikuja mmoja kwa baiskeli, siku isiyo ya soko, akamchukua kuku mama na vifaranga vyake kwa 18,000. Siku ya soko, mama peke yake angeweza kufika 25,000. Unga ulionunuliwa kwa pesa hizo haukumaliza hata wiki mbili.

Baadaye malipo yakaja, 75,000 kamili, na madeni yakakatwa kwa kalamu nyekundu kama kawaida. Kwenye vitabu vyenu hakuna shilingi iliyopotea. Lakini kuku aliyekwenda hakurudi, na Kukhu mpaka leo hajaniomba tena pesa ya kununua mwingine. Nadhani ameona kufuga kwa pesa isiyo na siku ni kumfugia mchuuzi.

Kuna jambo la pombe, na nitalisema maana najua linasemwa kwenu. Ndiyo, kati ya wazee wangu kumi na mmoja, mmoja anapenda malwa, pombe yetu ya ulezi. Siku ya malipo anaketi na wenzake kuzunguka chungu, kila mtu na mrija wake, anatoa shilingi elfu moja au mbili. Ana miaka themanini na kitu, amezika mke na watoto watatu. Mimi siwezi kumkatalia mrija. Deni langu hulipa kwanza, kisha ndipo anakwenda. Wanaokunywa pombe mpaka kuacha familia bila chakula hapa kwetu ni wenye nguvu, wanaolipwa kwa siku, na hao hawamo katika orodha yako.

Wala si mimi peke yangu ninayesema hivyo. Wachumi wawili wa Benki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, walikusanya tafiti 19 kutoka nchi mbalimbali kuhusu maskini wanaopewa pesa na matumizi ya pombe na tumbaku, na kwa jumla hawakukuta kwamba matumizi hayo yanapanda. Kaskazini mwa nchi yetu, mwaka 2008, serikali kupitia NUSAF, mradi wa maendeleo ya kaskazini, iliwapa vikundi vya vijana karibu dola 400 kwa kila kijana, wajifunze kazi na kununua zana, bila mtu wa kuwasimamia kila siku. Walionunua cherehani na misumeno walikuwa wengi, na baada ya miaka minne mapato yao yalikuwa juu kwa zaidi ya theluthi kuliko ya wenzao waliokosa. Baada ya miaka tisa wenzao walikuwa wamewafikia kwa mapato, lakini mali waliyoinunua ilikuwa bado iko.

Utafiti unaonigusa zaidi ni wa jirani zetu wa Rarieda, huko Siaya, Kenya. Shirika la GiveDirectly liliwagawia watu pesa kuanzia 2011, familia nyingine kwa mkupuo mmoja, nyingine mwezi kwa mwezi. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro waliona kwamba waliopokea kila mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula, na waliopokea kwa mkupuo walielekea kununua vitu vya kudumu. Mabati yalikuwa mojawapo ya vitu walivyonunua wale jamaa wa Rarieda, na mtu wa mjini anaweza kucheka, aone ni fahari. Yeye hajui kwamba paa la nyasi linadai nyasi mpya kila baada ya msimu kadhaa, na nyasi siku hizi zinanunuliwa, na fundi wa kuezeka analipwa. Mabati ni kuacha kulipa.

Basi kila namna ya pesa ina kazi yake. Ya mwezi hulisha, ya mkupuo hujenga. Ila 75,000 zinazokuja siku isiyojulikana hazilishi, maana nimefunga daftari, na hazijengi, maana ni kidogo na zina wenyewe. Kwa ule mpango wa serikali wa kukopesha familia kupitia parishi, uliozinduliwa Kibuku mwaka 2022, sitasema mengi. Milioni moja kwa familia ni pesa ya kununua nguruwe au kuanzisha biashara, lakini ni mkopo wenye riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Mama wa miaka 83 mwenye wajukuu wanne hatauchukua, na akiuchukua nitamshangaa. Tusiambiwe kwamba kwa kuwa milioni ipo parishini, 25,000 zinaweza kusubiri.

Kuhusu kiasi chenyewe, Mheshimiwa unajua kuliko mimi. Zilifika 25,000 katika miaka ya mwanzo ya mpango, kwenye wilaya za majaribio, na ni 25,000 leo. Wakati ule dola moja ilipatikana kwa shilingi 2,500 hivi, sasa ni kama 3,500. Mche wa sabuni ninaoukata vipande umepanda zaidi ya maradufu, nami vipande nimevipunguza unene. Wateja wanaona, wananyamaza.

Kuhusu umri pia nitapita haraka, ingawa ni uchungu. Wilaya za majaribio zilianza na miaka 65, Karamoja 60. Mpango ulipoenezwa nchi nzima ikawa 80. Jirani yangu ana ndaga muntu, kitambulisho cha taifa, inayosema alizaliwa 1952, na ya mwanawe wa kwanza inasema 1955. Mwanamke aliyezaa akiwa na miaka mitatu! Aliyeandika alikadiria kwa macho, na mama huyo hajui kusoma. Tunacheka naye hapa dukani, kisha anaondoka bila kukopa.

Ningeweza kukuomba kiasi kiongezwe na umri ushushwe, na nakuomba, lakini najua hayo yanapita bungeni na hazina. Ombi langu kubwa halihitaji bajeti ya namna hiyo. Pangeni siku moja ya malipo kwa kila eneo, itangazwe redioni mwanzo wa mwaka, kwa lugha ya watu wa hapo, na ishikwe. Ikishindikana kushikwa, semeni mapema kwamba imesogea na imesogea mpaka lini. Wiki saba nikijuzwa tangu mwanzo ninaweza kuzibeba. Ninaongea na duka la jumla, ninapunguza kukopesha wengine, tunagawana unga kwa vipimo. Kinachonishinda ni "wiki ijayo" saba mfululizo.

Mlangoni pangu pana ubao mweusi ninaoandika bei ya unga kila asubuhi. Nimeacha nafasi chini yake. Mkishapanga siku, itaandikwa hapo kwa chaki, tena kwa tarakimu kubwa, maana Kukhu hasomi maneno lakini namba anazijua vizuri.

Wako,

Mama mwenye duka,
Barabara ya Majanji, Busia