Maji ya Mto Mara yapimwe alfajiri, si baada ya samaki kuoza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila masika yanapokaribia, hapa Musoma habari za Mto Mara huanza upya, na ubishi wa Machi 2022 huanza nao. Maji yaligeuka meusi, samaki wakaelea matumbo juu, kisha kamati ya serikali ikaja na jibu: kinyesi na mkojo wa ng'ombe, pamoja na mimea iliyooza. Watu wakacheka. Kwenye simu zetu ng'ombe wakawa kichekesho cha siku kadhaa, maana wengi walikuwa wamekwisha kuamua kwamba ni sumu.

Mimi sikucheka, wala sikuridhika.

Nilikuwa bwana samaki katika mialo ya mkoa huu mpaka nilipostaafu. Kinyesi kinaua samaki, na wala hakihitaji kuwa na sumu ndani yake. Lita moja ya maji ya huku kwetu, yakiwa na joto la nyuzi 25, ikishiba hewa kabisa hubeba miligramu 7 hivi za oksijeni. Lita moja ya hewa tunayovuta wewe na mimi ina zaidi ya mara 30 ya hizo. Samaki basi anaishi kwa akiba ndogo mno, na hata hiyo anagawana na bakteria wanaoozesha kila kinachoanguka majini: majani, samadi, mizoga, maji ya vyooni. Wamwagie bakteria hao samadi nyingi kwa mkupuo mmoja, watavuta oksijeni yote kabla upepo na mimea havijapata muda wa kuirudisha.

Anayecheka ng'ombe awatazame viboko. Upande wa Kenya, ndani ya Mara hiihii, wapo zaidi ya 4,000, na watafiti wamekadiria kwamba wanaingiza mtoni tani 36 hivi za kinyesi kila siku. Kiangazi mto ukipungua, kinyesi hicho hutuama kwenye madimbwi yao, oksijeni ya chini ikaisha, maji yakawa meusi na kunuka mayai viza. Mvua ikinyesha juu huko, mafuriko huyazoa yale madimbwi na kuyasukuma kwa samaki walio mbele mtoni. Mwaka 2018 Christopher Dutton wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walichapisha vipimo vyao: baada ya mafuriko ya namna hiyo oksijeni ya mto ilishuka, mara nyingine hadi samaki wakafa. Hakuna kiwanda pale. (Nyumbu wanaozama wakivuka, zaidi ya 6,000 kwa mwaka wa kawaida, nao wanaongeza lao, ingawa mifupa yao huachia fosforasi polepole, kwa miaka.)

Najua nitaulizwa: viboko wapo tangu enzi za babu zetu, mbona tunahangaika leo? Kwa sababu hawako peke yao tena. Mifugo imeongezeka, mashamba yameshuka hadi ukingoni, miji imekua, na vyote humalizikia katika mto mmoja na katika mafunjo yaleyale kabla ya kufika ziwani.

Na habari haiishii kwa samaki waliokufa. Kuna tope. Oksijeni ikifika juu ya tope, chuma kilichomo huishika fosforasi na kuifungia humo. Oksijeni ikiisha, chuma huyeyuka na fosforasi hutoka. Ni fosforasi ileile ambayo mkulima anainunua kwenye mfuko wa mbolea ya DAP, ila hii inarutubisha mwani. Maji yanakuwa kijani, mwani unakufa, unazama, unaoza, unamaliza oksijeni ya chini, na tope linaachia fosforasi nyingine. Naitrojeni huenda kinyume chake: pasipo oksijeni, bakteria huigeuza kuwa gesi ikapaa zake. Hapo hushinda ule mwani wa kijani-buluu unaoweza kujichotea naitrojeni kutoka hewani, na baadhi ya jamii zake zina sumu ya kweli. Ziwa Victoria lenyewe limekwisha kutuonyesha haya. Vipimo vya miaka ya 1990 vilipolinganishwa na vya 1960 na 1961, eneo la kina kirefu lisilo na oksijeni lilikuwa limepanuka sana.

Nikiri hapa kwamba uhaba wa oksijeni si adui wa kila kiumbe. Ndani ya mafunjo maji yana oksijeni kidogo sana, sangara hawezi kuyavumilia, na ndiyo maana baadhi ya furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wamejificha humo wakapona meno yake. Kamongo hupanda juu kuvuta hewa yetu hii; ukimnasa kwenye wavu asiweze kupanda, anakufa maji. Kambare naye anaweza kuvuta hewa ya juu.

Hapo ndipo kutoridhika kwangu kulipo. Wavuvi wanaweza kutuambia nani alikufa kwanza. Sato na sangara wakifa huku kamongo akiendelea kupanda kuhema, unashuku oksijeni. Kamongo akifa naye, tafuta sumu, na usiache mpaka umeipata. Lakini orodha hiyo inataka mtu aliyekuwepo saa ileile. Ugeni rasmi hufika saa tano, baada ya chai, ukachota dumu la maji na kulipeleka maabara. Njiani maji yanatikisika na kunywa hewa mpya, au bakteria wanamalizia iliyokuwemo. Tena mchana mimea ya majini hutengeneza oksijeni kwa jua. Usiku kila kiumbe kinavuta tu. Kiwango cha chini kabisa hupatikana kabla ya jua kuchomoza.

Sisi tulitumia chupa yenye kizibo cha kioo. Unaijaza bila kuacha povu, unadondoshea dawa mbili palepale mtumbwini. Mashapo yakiwa ya kahawia, oksijeni ipo; yakibaki meupe, hakuna. Siku hizi kuna vipimo vya kielektroniki vya kushika mkononi.

Ombi langu kwa wizara na halmashauri zetu ni hili: kila BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, kuanzia mafunjo ya Mara hadi ghubani ipewe kipimo kimoja na mtu mmoja wa kukisoma alfajiri. Asomaye aandike kwenye daftari lilelile la mavuno ya samaki, kisha abandike namba ubaoni mwaloni, kando ya bei. Siku oksijeni itakaposomeka chini ya miligramu 2 kwa lita, wenye nyavu na wenye vizimba vya kufugia samaki wapigiwe simu asubuhi hiyohiyo. Kirumi, penye daraja la Mto Mara, waanze, kabla ya masika.

Bwana samaki mstaafu,
Musoma, Mara