Kwa Nini Hatuondoi Maguruneti Kwenye Seva Zetu

Wateja wanaokodi seva zetu, yaani kompyuta zinazoendesha michezo ya video ya kupigana kwa bunduki mtandaoni, kwa mechi za vikundi hulalamikia maguruneti kuliko kitu kingine chochote. Mchezaji anaingia uwanjani, anapiga hatua chache, analipuliwa na bomu lililorushwa kutoka asikokuona, anarudi, kisha analipuliwa tena. Baadhi yao wametuomba tuzifute kabisa silaha za mlipuko. Ombi hilo tumelipima kwa uzito unaostahili, na tunaona ni haki yao kuelezwa kwa nini hatukulikubali na tumebadilisha nini.

Guruneti lina kazi ambayo bunduki haiwezi kuifanya. Mchezaji aliyejibanza kwenye kona na kuuelekeza mtutu mlangoni ana nafasi nzuri mno dhidi ya kila anayeingia, na pasipo kitu cha kumng'oa hapo, mechi nzima hugeuka kuwa mashindano ya kuviziana ambamo timu inayopaswa kushambulia haina la kufanya. Kinachotuhusu sisi waendeshaji, kwa hiyo, ni mchezaji analipata guruneti kwa gharama gani, na akishalirusha anapata jingine baada ya muda gani.

Kwa maoni yetu mchezo wa Counter-Strike, ambao timu mbili hupigana kwa raundi na kila mchezaji hununua silaha zake, umelijibu swali hilo vizuri kuliko michezo mingine tunayoihudumia. Guruneti la mlipuko huuzwa kwa dola 300 za mchezoni, ilhali katika raundi ya kwanza ya mechi rasmi kila mchezaji ana dola 800 tu. Anayenunua fulana ya kuzuia risasi kwa dola 650 hubaki na 150, na guruneti halipati. Hata likilipuka miguuni pa adui asiye na fulana, halimpunguzii uhai zaidi ya 98 kati ya 100, na mwenye fulana hupoteza kiasi cha 57. Haliwezi peke yake kumuua mchezaji ambaye hajajeruhiwa, bali hufaa linapofuatwa na risasi au wachezaji wawili wanapoyarusha yao kwa pamoja, jambo linalotaka maelewano ndani ya timu. Kuna kanuni nyingine ambayo wateja wengi hushangaa kuisikia: katika mpangilio wa mashindano, risasi inayompata mwenzako humuumiza kwa takriban theluthi moja ya nguvu yake, lakini guruneti humuumiza kwa asilimia 85, hivyo mrushaji hulazimika kujua wenzake wako wapi. Tena anayekufa husubiri raundi inayofuata, na fedha ya guruneti alilorusha imekwisha kwenda.

Hali ni tofauti kabisa katika Call of Duty 4: Modern Warfare, mchezo wa mwaka 2007 ambao vikundi vingi bado vinauomba. Humo anayeuawa hurudi muda mfupi baadaye akiwa na guruneti jipya asilolilipia. Uko uwezo wa ziada unaompa mchezaji maguruneti matatu, na mwingine unaoangusha guruneti lililo tayari kulipuka pale mwenye nao anapouawa. Weka umati wa wachezaji kwenye ramani ya Shipment, ambayo ni kiwanja kidogo chenye makontena, na milipuko haitakoma. Ukichagua hali ya Hardcore, ambapo uhai ni 30 badala ya 100, hata aliye pembezoni mwa mlipuko hufa.

Modern Warfare 2 ya mwaka 2009, toleo jingine la Call of Duty, ililizidisha tatizo. Mchezaji aliweza kuunganisha uwezo wa ziada mbili: One Man Army, iliyomjazia upya risasi za kirusha guruneti kilichofungwa chini ya mtutu, na Danger Close, iliyoongeza nguvu ya mlipuko, akaendelea kufyatua karibu mechi nzima. Katika Black Ops ya mwaka 2010, ya mfululizo huohuo, One Man Army haikuwemo, uwezo wa Scavenger haukujaza tena virusha guruneti, na aliyetaka kinga dhidi ya milipuko alikuwa na uwezo wa Flak Jacket.

Njia hiyo ya kubana kujazwa upya kwa maguruneti ndiyo tuliyoifuata. Kwenye seva za Counter-Strike tumebakiza kikomo cha kawaida cha maguruneti manne ya aina zote kwa mchezaji, na madhara kwa wenza yamewashwa. Kwenye Call of Duty 4 tumeondoa ule uwezo wa aina mbili pamoja na virusha guruneti, na Shipment haichezwi na zaidi ya watu wanane. Hardcore huwashwa pale tu manahodha wa timu zote mbili wanapokubaliana. Nguvu ya mlipuko wenyewe hatukuigusa mahali popote, kwa sababu mchezaji aliyejifunza nyumbani kwake mlipuko unafika umbali gani anastahili kuukuta vilevile hapa kwetu.

Kikundi kinachotaka mpangilio tofauti, ikiwemo kurudishiwa virusha guruneti, kitueleze wakati wa kuweka nafasi. Mabadiliko haya huhitaji seva iwashwe upya, kwa hiyo hatuyafanyi mechi ikiwa imeshaanza.