Mwacheni mama avae mwenyewe

Kampala

Kwako dada Zaituni,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Bugembe. Barua nimeipata, na nimeshukuru mno kusikia mama amerudi nyumbani baada ya kile kiharusi na anaongea vizuri. Umeuliza kama hiyo tiba kwa vitendo mliyoambiwa ni sawa na mazoezi ya viungo. Zinakaribiana. Wa mazoezi ya viungo hushughulika zaidi na nguvu, kusimama na kutembea. Wa tiba kwa vitendo huuliza: tangu mama anapoamka mpaka anapolala anataka kufanya nini, na anakwama wapi hasa? Kisha humfundisha jambo lilelile, au hubadilisha chombo, au mahali.

Umesema mnamvisha, mnamlisha, mnamwogesha. Najua ni mapenzi. Lakini ubongo uliopigwa na kiharusi hujifunza kwa kurudia kitendo chenyewe, na mkimvisha nyinyi, zoezi mmelifanya nyinyi.

Anzeni na blauzi. Aketi kwenye kiti kigumu, si kitandani, nyayo zote mbili zikigusa sakafu. Aitandaze mapajani, kola ikiwa magotini. Mkono uliopooza, yaani wa kushoto, ndio unaotangulia: auingize kwa kutumia wa kulia, avute nguo ipite kiwiko mpaka begani, ndipo aizungushe mgongoni na kuingiza mkono mzima. Nguo ikibaki chini ya kiwiko itateleza akigeuka tu, na hapo wengi hukata tamaa. Kuvua ni kinyume, mkono mzima kwanza. Wiki ya kwanza msaidieni hatua zote isipokuwa ya mwisho, ya kuivuta chini kiunoni. Akiiweza hiyo, mwachieni na iliyo kabla yake. Hivyo kila asubuhi anayemaliza ni yeye. Tengeni nusu saa nzima, kabla hajachoka.

Gomesi, lile vazi lake refu la heshima, msimnyime, maana bila gomesi hataenda harusini wala msibani, atajifungia ndani. Vile vifungo viwili viko upande wa kushoto wa shingo, mkono wake wa kulia unavifikia. Shida ni mshipi, kwa sababu fundo linataka mikono miwili. Mpelekeeni fundi cherehani alishone fundo lidumu, na nyuma ya fundo aweke utepe wa kunata kama ule wa viatu vya watoto. Kikoi cha ndani nacho kiwe sketi ya lastiki.

Tafadhali, msimnyanyue kwa kumvuta mkono wa kushoto wala kwa kumshika kwapani. Misuli inayoshikilia bega imelegea, na kiungo hutoka mahali pake kidogo kidogo. Bega likianza kuuma atakataa kila zoezi. Akikaa, mkono ulale juu ya mto. Na ule mpira wa kubana aliopewa, uwekeni kando: unafundisha vidole kujikunja, na anachokosa yeye ni kuvikunjua.

Jikoni anaweza kurudi mapema kuliko mnavyodhani. Tafuta ubao wa sentimita 30 kwa 20, upigilie misumari miwili ya inchi 2 kutokea chini, ncha zitokeze juu, ziachane kama sentimita 3. Ndizi za matoke huchomekwa hapo, naye anamenya kwa mkono mmoja. Msumari mmoja hautoshi, tunda litazunguka. Chini ya ubao gundisha kipande cha tyubu ya baiskeli usiteleze. Baada ya kazi misumari ikaushwe, na ncha zifunikwe kwa sababu ya watoto. Sigiri, yaani jiko la mkaa, iinuliwe juu ya matofali asiiname, na iwe upande wake wa kulia. Mkono wa kushoto hauhisi joto vizuri: unaweza kuungua naye asijue. Maji ya kuoga ayapime kwa mkono wa kulia daima.

Angalieni pia sahani yake. Akiacha posho (ugali) yote ya upande wa kushoto, msidhani ameshiba. Huenda macho hayana kasoro, ila ubongo umesahau kwamba upande huo upo. Mwambieni ageuze kichwa, na mkizungumza naye kaeni kushotoni.

Kuhusu choo cha shimo, msikate kiti cha plastiki: hupasuka kwenye tundu. Kiti cha mbao chenye mikono, kilichotobolewa katikati, ndicho kizuri. Miguu yake ya mbele na nyuma isimame kwenye zege, mbali na kingo za shimo. Ukutani, kulia kwake, pawe na bomba la kushikia.

Kwenye hospitali ya rufaa ya Jinja ulizieni mtu wa tiba kwa vitendo amwone mama mwenyewe, hasa hilo bega. Wakati huohuo nipimie kutoka nyuma ya goti lake mpaka sakafuni, akiwa amevaa ndala. Niandikie hizo sentimita, nimchoree seremala kiti.

Msalimie mama sana.

Wako,
Hadija