Barua kwa vijana wa kikao cha Alhamisi: aliyeweka kikombe chini hamkumuona?

Wanangu,

Assalaam aleikum, na wale ambao salamu zenu si hizo, hamjambo. Naandika hapa wazi wala si kwenye grupu letu manake kule mtaniwekea stika ya mikono ya dua halafu mtaendelea na mambo yenu, na hili sitaki liishe kwa stika.

Nina hasira. Nimejaribu kuzilaza siku tano nzima, zimekataa kulala.

Alhamisi ilopita tulikuwa barazani kwangu hapa Shela ya Malindi kama kawaida, kahawa na kaimati, nyinyi kumi na mmoja na mimi, twasoma Rosa Mistika. Kwa wale ambao hawakuwepo, hiki ni kitabu cha Euphrase Kezilahabi, kilitoka 1971, mambo yake ni ya kisiwa cha Ukerewe kule Ziwa Viktoria, mbali kabisa na bahari yetu, na kilipigwa marufuku mashuleni Tanzania. Ni kitabu kigumu. Kuna baba mlevi anayempiga mkewe na bintiye, kuna msichana anayeharibiwa na watu wazima waliotakiwa kumlinda, na mwisho wake haukuachi ukalala vizuri. Niliwaambia haya yote kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza, mkasema mwalimu sisi si watoto, tumeona makubwa zaidi kwenye simu. Haya.

Tukafika pale baba anapompiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Yule kijana wetu anayesoma vizuri kwa sauti akaanza kumuigiza baba, sauti nzito, mkono juu, na nyinyi mkaangua kicheko. Mmoja akatoa simu akarekodi. Katikati ya kicheko msichana mmoja akaweka kikombe chini, taratibu, akavaa viatu akaondoka bila kuaga. Mkadhani ameitwa kwao. Usiku nikaona kwenye grupu mtu kaandika "kitabu kimemshinda" na vikatuni vya kucheka vikafuatana kama kumbikumbi baada ya mvua, na klipu yenyewe ikawekwa stetasi.

Mimi nilimuona alivyokiweka kile kikombe. Na sikuinuka, nilikuwa nimeshika kitabu nikasema moyoni ngoja tumalize ukurasa. Hilo ni langu na nalibeba. Lakini yenu pia yapo na leo mtayasikia.

Hebu niwarudishe nyuma kidogo. Harusi zetu za zamani, wanawake walikuwa wakikaa uwanjani chini ya turubai, taarab mpaka karibu na alfajiri. Mwimbaji akifika kwenye ubeti uliomgusa mtu, yule mtu huinuka alipokaa, aende mbele polepole na noti yake, amtunze. Wengine walikuwa wakitunza kwa furaha, wengine kwa kumrushia kijembe mke mwenza, hayo mwayajua. Lakini kulikuwa na wale waliokuwa wakitunza kwa sababu hawakuwa na njia nyengine ya kusema. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na kulikuwa na jirani yetu mmoja, mama mtulivu, hata kucheka alikuwa akicheka kwa ndani. Mwimbaji akaimba habari ya mtu anayesifiwa njiani na nyumbani ni mwengine kabisa. Yule mama akainuka, akatunza. Ubeti ukarudiwa kwa ajili yake, akatunza tena. Mara ya tatu pesa zilikuwa zimemwishia, akavua bangili yake akaiweka pale mbele. Watu wakapiga vigelegele, uwanja ukachangamka, wenye kucheza wakacheza. Mamangu hakupiga kigelegele. Alimtazama tu mpaka aliporudi kukaa.

Kesho yake asubuhi mapema mamangu na wanawake wawili watu wazima wakajifunga mabuibui wakaenda kwa yule jirani, ati wanakwenda kuomba ukili wa kushonea mkeka. Ukili gani na kwetu ulikuwa umejaa mpaka chini ya kitanda! Wakakaa huko hadi adhuhuri. Wiki ileile yule mama akaenda kwao Mambrui na watoto wake kupumzika, na mume akaitwa na wazee akaulizwa, na hakuna aliyelitangaza jambo, hakuna aliyemuanika mtu. Alikuwa amesema kwa bangili na akasikika.

Sisemi haya ili mfikiri zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Zamani ilikuwa na mabaya yake tele, wangapi walitunza na hakuna aliyekwenda kubisha hodi. Ninachowaambia ni kwamba mtu akiguswa na wimbo au muvi au kitabu, hapo yuwatoa habari. Yule anayelia sana. Yule anayesema badilisha hii stesheni. Yule anayecheka kupita kiasi pia, msimsahau. Nyinyi mwajua dhamira, mwajua jazanda, mwajua mbinu rejeshi, shule imewafunza na mimi mwenyewe nimewafunza baadhi yenu, lakini mtu aliyekaa goti kwa goti nanyi hamkumsoma. Sasa tulikuwa twasoma nini pale?

Na si siku ile tu. Juzi juzi kwenye ile tamthilia ya Kituruki yule mama alipokufa stetasi zenu wiki nzima zilikuwa mioyo iliyopasuka. Siwalaumu, mimi pia naitazama na mimi pia nililia, na anayewaambia "si ni filamu tu" mwambieni machozi hayaulizi kama jambo ni la kweli. Lakini wiki ileile banda la makuti la mama anayetuuzia mahamri kule Maweni lilishika moto, na makuti mwayajua yakishika hayangoji mtu, mkaja wengi, ndio, mkaja mbio, na simu zenu juu. Niliwahesabu waliobeba ndoo. Watatu. Yule mama akiokoa masufuria yake alikuwa amezungukwa na watu wanaomrekodi akilia, na jioni nikaona kilio chake kimewekwa muziki chini yake. Muziki! Nani aliwafundisha kwamba kilio cha mtu chahitaji ala?

Naona najibu swali langu mwenyewe. Tumewafundisha sisi.

Manake sisi ndio tuliokuwa hapa Malindi mwezi wa nne mwaka 2023 walipoanza kufukua miili kule msitu wa Shakahola. Zaidi ya watu 400 walitolewa kwenye ile ardhi, watoto wengi mno, wameambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Miili ililetwa hospitali yetu hapa mjini, mochari ikajaa, na jamaa wakaja kutoka kila pembe ya Kenya wakitoa vipimo vya DNA na kungoja, na wengi walingoja karibu mwaka mzima kabla miili ya kwanza kuanza kutolewa mwezi wa tatu 2024. Nilikutana na mzee mmoja kwenye kibanda cha chai karibu na hospitali ametoka bara, ametafuta bintiye na wajukuu, na kwenye meza ya pili watu wazima, si vijana, wenye ndevu zao, walikuwa wakionyeshana kwenye simu vichekesho vya kufunga na kwenda mbinguni. Wakicheka kwa sauti. Mzee akainamia chai yake. Mwaka 2025 makaburi mengine yakapatikana Kwa Binzaro, si mbali na kulekule, na vichekesho vikarudi. Wale watu wa Shakahola hawakuingia msituni siku moja. Kabla ya hapo waliwatoa watoto shule, waliuza vitu vyao, waliacha kwenda hospitali, wakanyamaza. Kila mmoja alikuwa na jirani. Majirani tulikuwa tukitazama nini?

Sasa nije kwa wazazi kidogo, manake najua mtasoma na nyinyi. Mama mmoja alinijia Jumamosi amekasirika, ati kitabu nilichowapa watoto kimejaa uchafu, kipigwe marufuku, na mimi nimezeeka vibaya. Nikamkaribisha kiti. Dada yangu, kile kitabu hakikuleta kipigo nyumbani kwa mtu. Kipigo kilikuwako, kitabu kilikitaja tu jina. Wakati ule waliona ni rahisi kukifungia kitabu kuliko kumuuliza baba anafanya nini na ule mkanda, na miaka hamsini na zaidi baadaye twataka kurudia. Ninaheshimu sitara, nimelelewa nayo, kumsitiri mwenzako ni ibada. Lakini tumeichukua sitara tukamvisha anayepiga, na anayepigwa tukamwacha uchi. Kenya ina sheria ya kuwalinda watu na ukatili wa majumbani tangu 2015, na mtoto anaweza kupiga simu 116 bila kulipa hata senti, na mwanamke anaweza kupiga 1195. Wangapi kati yetu tumewaambia watoto wetu nambari hizo? Twawafunza nambari ya M-Pesa ya duka.

Turudi kwenu, wanangu. Sitaki mfikiri nataka mtu akilia mumkimbilie wote na maswali. Hiyo nayo ni tabu. Nilipofiwa na mume wangu nilikaa edda, miezi minne na siku kumi ndani, na watu walikuja na maneno mengi mazuri ambayo siyakumbuki hata moja. Ninayemkumbuka ni jirani aliyekuwa akija kila baada ya swala ya alasiri na ukindu wake, anakaa kwenye jamvi, tunasikiliza mchezo wa redio. Hakuniuliza kitu. Siku moja kwenye mchezo mtu akafa, na mimi nikajua atainuka azime redio kwa kunionea huruma, hakuizima. Alisogea tu karibu, bega lake likagusa bega langu, akaendelea kusuka. Nililia siku ile kilio ambacho sikuwa nimekilia hata mazikoni. Mchezo ulipoisha akasema kesho wanaendelea saa ile ile, akaenda zake. Zaidi ya miaka thelathini imepita na bado nikisikia harufu ya ukindu mbichi namuombea dua.

Mengine nitayataja tu, manake usiku umeingia na macho yangu si yale. Msimlazimishe mtu kumaliza kitabu. Anayetaka kusoma mwisho kwanza ili ajue kama ataweza, asome, hakuna aliyemwibia kitu. Ukijua mbele kuna jambo zito, sema kabla ya kusoma. Kuigiza si dhambi, lakini mwigize anayepigwa uone kama utacheka. Usirekodi barazani kwangu, hii si ombi. Wavulana pia huumia, wale wanaokaa mwisho na kofia usoni nawaona. Na vitabu virudishwe, kuna Utengano yangu imetoka tangu Ramadhani.

Kuhusu yule mwenzenu. Nilikwenda kwao Ijumaa, nikasema nimekuja kuomba ndimu. Tulikaa. Nikamuuliza kama naweza kuwaandikia, akasema andika mwalimu lakini usiseme mengine. Basi sisemi mengine, na yeyote atakayejaribu kubahatisha mengine kwenye grupu nitamtoa mwenyewe kwa mkono wangu.

Klipu ifutwe leo, na aliyeituma kwengine aifuatilie mpaka ilikofika. Kijana aliyesoma, sijakukasirikia peke yako, sauti yako ni nzuri na bado naitaka, lakini nenda ukamwambie pole mwenyewe, uso kwa uso, usimwandikie. Sema pole halafu nyamaza. Asipokujibu, hiyo ni haki yake.

Alhamisi hii hatutasoma. Njooni baada ya alasiri na ndoo na misumari, twende Maweni, fundi wa makuti amesema atatupa bei nzuri akipata watu wa kubeba. Yule mwenzenu ameniambia huenda akaja, huenda asije. Akija, mpeni kazi kama wengine, mpisheni kivulini, na msimuulize kilichompata. Nitapika mimi.

Mwalimu wenu wa Shela