Shukrani kwa fundi wa Jumamosi ile
Kaka uliyeshuka kwenye bodaboda pale shuleni kwetu, Tanga, Mungu akuzidishie. Sola tulikuwa nayo juu ya paa, lakini kila alasiri umeme wake ulilegea na LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ikaendelea kula hela za shule. Ulipanda ngazi, ukatuonyesha kivuli cha tawi la mwembe, kimelala juu ya paneli moja tu. Ukasema paneli zikiungwa mfululizo, moja ikizibwa hupunguza nguvu ya zote. Tawi tukalikata. Kisha ukafuta vumbi na chumvi ya upepo wa bahari kwa kitambaa laini, polepole, kama anayemwogesha mtoto. Soda ulipokea, pesa ukakataa, jina hukutuachia. Kidato cha nne sasa wanajisomea hadi saa nne usiku. Ahsante sana, kaka yetu.